Faharasa ya VTOC: maswali yanayorudi kila mara kwa wanaojifunza meinifremu Mbeya

Jumamosi huwa tunakutana watu wachache Mbeya mjini, karibu na Kabwe, kujifunza meinifremu, yaani kompyuta kubwa za mashirika. Wengine wako Iringa, Njombe na Tunduma, wanauliza kwa WhatsApp. Maswali kuhusu diski yanafanana mno, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mgeni aanzie juu. Aliyekwama kazini aruke hadi sehemu ya tatu na ya nne.

## 1. Mambo ya mwanzo

VTOC ni kitu gani hasa?

Ni orodha ya kila kilichomo kwenye diski moja ya meinifremu, na inakaa kwenye diski hiyohiyo. Wengi huitamka "vitoki". Diski yenye jina lake, jina lisilozidi herufi sita, inaitwa voliumu. Faili la data lililo ndani yake linaitwa dataseti.

Chukua mfano wa ghala la mpunga kule Kyela. Mlangoni kuna kibao chenye jina la ghala, na kibao kinakuelekeza leja ilipo. Leja ndiyo inayosema lundo hili ni la nani, limeanzia mstari upi na limeishia upi. Kwenye diski, kibao ni lebo ya voliumu: iko silinda 0, traki 0, rekodi ya 3, na imebeba anwani ya VTOC. VTOC ni leja. Mpango huu ulikuja na kompyuta za System/360, ambayo IBM iliitangaza tarehe 7 Aprili 1964, na z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu za IBM wa leo, bado inautumia.

Silinda na traki ndiyo nini? Diski za siku hizi si hazina sahani zinazozunguka?

Traki ni duara moja la data kwenye sahani, na silinda ni traki zilizopangana juu na chini. Diski nyingi za leo hazina sahani, lakini mfumo unaendelea kuhesabu kana kwamba zipo. Kabati la hifadhi linajifanya diski ya aina ya 3390 na z/OS inakubali bila kuuliza. Traki moja ya 3390 ina baiti 56,664, traki 15 ni silinda moja, na modeli ya 3 ina silinda 3,339. Hizo ni traki 50,085, yaani gigabaiti 2.8 hivi. Shika namba hizi, zitarudi.

Kwani katalogi na VTOC si kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotea. Orodha ziko nne, na kila moja inajibu swali lake.

Katalogi inajibu: dataseti yenye jina hili iko kwenye voliumu ipi? Haijui traki hata moja ya dataseti ya kawaida. VTOC inajibu: humu ndani ya voliumu hii, dataseti hiyo imekaa traki zipi? VVDS, ambayo nayo ni dataseti ndani ya voliumu, inatunza habari za ziada za dataseti za VSAM (aina maalumu ya dataseti za IBM) na zile zinazosimamiwa na SMS (sehemu ya z/OS inayosimamia hifadhi). Ya nne ni faharasa ya VTOC. Hii haina habari yake yenyewe hata kidogo. Kazi yake ni kukuonyesha haraka ukurasa wa leja.

Orodha zikigongana, uliza kwanza ni swali gani halijibiwi. Dataseti inaweza kuwemo kwenye VTOC na isiwemo kwenye katalogi: ipo, inakula nafasi, lakini ukiitafuta kwa jina peke yake huipati mpaka utaje voliumu. Inaweza pia kuwemo kwenye katalogi na isiwemo kwenye VTOC. Hapo una jina tupu, mfano wa mtu aliyeshika stakabadhi ya gunia lililokwisha kubebwa. Katika hali zote mbili faharasa haina kosa, na kuijenga upya hakutibu kitu. Nimeona mtu mzima mwenye uzoefu akijenga faharasa mara tatu usiku kucha kumbe shida ni katalogi.

## 2. Ndani ya leja

Kadi moja ya VTOC ina nini?

VTOC ni mfululizo wa rekodi za baiti 140 zinazoitwa DSCB. Sisi tunaziita kadi. Baiti 44 za mwanzo ni ufunguo na 96 zinazobaki ni maelezo. Hiyo 44 haikutokea hewani, ndiyo urefu wa juu wa jina la dataseti. Traki moja ya 3390 inabeba kadi 50. Ya 3380 ilibeba 53.

Kadi zina aina, na aina hutajwa kwa namba. Ya 4 huwa ya kwanza daima na inaieleza VTOC yenyewe na diski yake. Ya 1 inaeleza dataseti: jina, tarehe, mpangilio wa rekodi, na vipande vitatu vya kwanza vya nafasi yake. Vipande vikizidi vitatu huongezwa kadi ya aina ya 3, yenye nafasi ya vipande 13. Ya 0 ni kadi tupu inayosubiri mtu. Ya 5 ilikuwa orodha ya nafasi zilizo wazi, na ya 7 inafanya kazi hiyohiyo kwenye voliumu zinazozidi traki 65,535. Ya 6 imestaafu, usijisumbue nayo. Ya 8 na ya 9 zinazungumziwa kwenye swali la diski kubwa mno, sehemu ya 5.

Kwa nini dataseti yangu ya kawaida inagoma ikifika kipande cha 16?

Tatu jumlisha 13. Kadi ya 1 na kadi moja ya 3 zinatosha vipande 16 tu kwa voliumu, na dataseti ya kawaida haipewi kadi nyingine. Ikitaka kipande cha 17 na hakuna voliumu ya kuendelea, kazi inakufa kwa msimbo wa kosa B37 au E37. D37 ni jambo jingine: hukuomba nafasi ya nyongeza kabisa. VSAM inaruhusiwa vipande 123 kwa voliumu, kwa hiyo inaweza kuburuta kadi kumi za aina ya 3 nyuma yake.

## 3. Faharasa yenyewe

Leja ipo tayari. Faharasa ililetwa ya nini?

Kwa sababu leja haikupangwa kwa alfabeti. Kadi mpya inaingia popote penye kadi tupu. Kutafuta jina ilibidi kupitia traki moja baada ya nyingine mpaka jina lionekane, na likiwa halimo, unapitia zote.

Piga hesabu na diski za zamani. Diski ya 3350 ilizunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja milisekunde 16.7. VTOC ya traki 30 inahitaji mizunguko 30 kuisoma yote, ambayo ni nusu sekunde. Nusu sekunde inaonekana kitu kidogo, ila wakati huo diski, kidhibiti chake na njia ya kupitishia data vyote vimeshikwa na utafutaji huo mmoja, na kazi nyingine zinazopita njia hiyo zinapanga foleni. Zidisha kwa maelfu ya dataseti zinazofunguliwa kwa siku. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walikuwa wakiiweka VTOC katikati ya diski, mkono wa kusomea usisafiri mbali.

Nafasi wazi nayo ilikuwa mzigo. Kadi za aina ya 5 zilifungwa mnyororo, na kila dataseti ilipozaliwa au kufutwa mnyororo ulisomwa na kuandikwa upya. Faharasa iliondoa matatizo yote mawili kwa mpigo.

Ndani ya faharasa kuna nini?

Rekodi za baiti 2,048, za aina nne za maana.

VIER ndizo zinazobeba majina. Majina yamepangwa kwa mfuatano, na kila jina lina anwani ya kadi yake kwenye VTOC. Rekodi ya chini ikijaa hugawanyika, na juu yake kunajengwa ngazi inayosema "majina hadi hapa yako kule". Ni kama kumtafuta mtu Mwanjelwa: unauliza kwanza upande wa nguo au wa nafaka, kisha mstari, kisha kibanda. Hatua tatu na umefika. Hukukagua soko zima.

VPSM ni ramani ya nafasi. Inatumia biti moja kwa kila traki, na ina hesabu nyingine ya silinda nzima. Mimi hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Rudi kwenye 3390 modeli ya 3: traki 50,085 ni biti 50,085, ambazo ni baiti 6,261 tu. Gigabaiti 2.8 za diski, na kujua wapi pamejaa na wapi pako wazi unasoma rekodi chache. Mnyororo wa kadi za 5 hauoni ndani.

VMDS ni ramani ya kadi: zipi zinatumika, zipi tupu. Mfumo ukitaka kadi hauanzi kuizunguka VTOC. VIXM ni ramani ya rekodi za faharasa yenyewe. Hiyo haina hadithi.

Faharasa ikiwepo, kadi za aina ya 5 zinakwenda wapi?

Zinaachwa. Inabaki moja tupu pale mwanzoni na hakuna anayeisomea nafasi tena, kwa kuwa VPSM ndiyo yenye neno. Kumbuka hili ukifika kwenye swali la IEC606I.

Inaitwaje na naionaje?

Ni dataseti yenye jina linaloanza na `SYS1.VTOCIX.` na sehemu ya tatu unayochagua mwenyewe, ingawa desturi ni kuweka jina la voliumu. Kwa voliumu MBY001 itakuwa `SYS1.VTOCIX.MBY001`. Ukifungua ISPF 3.4 (skrini ya z/OS ya kuorodhesha dataseti) na kuorodhesha voliumu, utaiona imekaa na wenzake. Programu ya IEHLIST yenye amri `LISTVTOC` inakuonyesha kadi zenyewe.

Usijaribu kuifuta kwa mkono. Swali hili nimeshaulizwa na vijana watatu tofauti, wote walitaka "kusafisha" diski.

Ni lazima kila voliumu iwe nayo?

Voliumu inayosimamiwa na SMS ni lazima. Nyingine zinaweza kuishi bila hiyo, kwa polepole ile ya zamani. Mimi sioni sababu ya kuiacha, labda voliumu inasomwa na mfumo usioijua faharasa kabisa.

## 4. Kuijenga, kuipima, kuitengeneza

Naijenga vipi kwenye diski mpya?

Programu ni ICKDSF. Unapoiandaa voliumu, unataja VTOC na faharasa pamoja:

`INIT UNITADDRESS(0A80) NOVERIFY VOLID(MBY001) INDEX(0,1,14) VTOC(1,0,60)`

Namba za mabano ni silinda ya kuanzia, traki ya kuanzia na idadi ya traki. Hapo faharasa inaanza silinda 0 traki 1 na kumaliza silinda hiyo. VTOC inafuata silinda 1 na kuchukua silinda nne kamili. Faharasa nimeitanguliza makusudi, sababu iko kwenye swali la VTOC kujaa. Onyo la kawaida: `NOVERIFY` haikuulizi jina la zamani la diski. Kosea tarakimu moja ya anwani na umefuta voliumu ya jirani.

Na kwenye diski yenye data tayari?

`BUILDIX`. Kwenye JCL (maagizo ya kuendeshea kazi) unaiombea dataseti ya faharasa nafasi isiyokatika, kisha unaamuru:

`//FAHARASA DD DSN=SYS1.VTOCIX.MBY001,DISP=(NEW,KEEP),UNIT=3390,VOL=SER=MBY001,SPACE=(TRK,(14),,CONTIG)`

`BUILDIX DDNAME(FAHARASA) IXVTOC`

Programu inasoma kadi zote, inapanga majina, inachora ramani. Data haiguswi. Kurudi nyuma, yaani kuiacha faharasa na kurudi mtindo wa zamani, ni `BUILDIX` yenye `OSVTOC`. Ukiongeza `PURGE` hata nafasi ya faharasa inaachiliwa.

VTOC na faharasa ziwe kubwa kiasi gani?

Anza na dataseti ngapi utaweka. Traki 60 za VTOC ni kadi 3,000. Ondoa za mfumo, ondoa za aina ya 3, zinabaki za kutosha kwa voliumu yenye dataseti elfu mbili na kitu. Voliumu ya kujifunzia haihitaji hata nusu ya hapo. Voliumu ya watumiaji wanaotengeneza vidataseti vidogo vidogo inahitaji zaidi. Anayeandaa hifadhidata chache kubwa anaweza kubana.

Faharasa inategemea urefu wa majina. Rekodi ya baiti 2,048 haiwezi kubeba majina zaidi ya 46 yenye urefu kamili wa herufi 44, na rekodi ikigawanyika nusu yake hubaki wazi. Traki ya 3390 inaingiza rekodi 21 za ukubwa huo. Traki 14 zinakupa 294, zinazotosha kadi 3,000 bila wasiwasi. Ukiwa na shaka ongeza. Traki kumi za ziada ni kama chumvi kwenye gunia la mahindi, hakuna atakayezihisi.

Diski ina nafasi tele lakini mfumo unakataa dataseti mpya. Kwa nini?

Kadi zimekwisha, au rekodi za faharasa zimekwisha. Ghala lina nafasi lakini leja haina mstari wa kuandikia.

Yalinikuta nikiwa mgeni kazini, kwenye chumba cha mashine cha kampuni moja. Voliumu ilikuwa asilimia 70 wazi na kila kazi ya usiku ilianguka kwa kukosa nafasi. Nilihesabu traki, nikahesabu tena, nikamwamsha mkubwa wangu saa nane usiku. Alichouliza ni kimoja: "Kadi za sifuri zimebaki ngapi?" Hazikuwepo. Programu moja ilikuwa ikizalisha dataseti za traki moja moja, maelfu, na hakuna aliyezifuta.

Tiba ya haraka ni kufuta zisizohitajika. Ya kudumu ni `REFORMAT` ya ICKDSF: `EXTVTOC` inarefusha VTOC ikiwa traki zinazoifuata ziko wazi, na `EXTINDEX` inarefusha faharasa. Ndiyo maana sipendi kuiweka faharasa nyuma ya VTOC, maana inakuwa ukuta. Hata hivyo nafasi ya jirani haikai wazi milele, dataseti zitajenga hapo. Ikishajengwa, iko `NEWVTOC`, inayohamishia VTOC pengine.

Ujumbe IEC606I umetokea. Nimeharibu diski?

Hapana. Unasema faharasa ya voliumu fulani imezimwa, mara nyingi kwa sababu mfumo umekuta jambo ndani yake lisilolingana na VTOC. Dataseti zako zote zipo, kwa kuwa kadi ziko kwenye VTOC na VTOC haikuguswa.

Kinachofuata ndicho kinachowatisha watu. Mara ya kwanza mtu akiomba nafasi kwenye voliumu hiyo, mfumo unalazimika kujua nafasi wazi ziko wapi, na kadi za aina ya 5 ziliachwa zamani. Kwa hiyo unasoma kadi zote na kuziandika upya, ukitoa ujumbe IEC604I. Kwenye voliumu kubwa utahisi kusita. Baada ya hapo kazi zinaendelea, polepole kidogo.

Tafuta muda mtulivu, hakikisha una nakala ya voliumu, kisha jenga faharasa upya kama ilivyo kwenye swali la diski yenye data. Ikizimwa tena wiki ijayo usiendelee kujenga tu. Huenda kuna mtu anaiandikia diski bila ruhusa, soma swali la mifumo miwili hapo chini.

Nikifuta dataseti, data inafutika?

Kinachofutika ni kadi, jina kwenye faharasa, na alama za nafasi kwenye ramani. Traki zinabaki na maandishi yake mpaka mwingine aandike juu yake, isipokuwa usalama wa mfumo umewekwa kufuta kabisa. Usichukulie hili kama njia ya kurudisha ulichofuta kwa bahati mbaya. Nakala ya jana ndiyo njia.

## 5. Mambo ya pembeni

Nina Hercules (programu inayoigiza meinifremu) na MVS 3.8j (mfumo endeshi wa zamani wa IBM) kwenye laptop. Mbona sioni SYS1.VTOCIX?

Huioni kwa sababu haimo. MVS 3.8j ni ya kabla ya faharasa. Inatumia VTOC ya zamani na kadi za aina ya 5, na ni mahali pazuri mno pa kuzionea kwa macho: tengeneza dataseti tano, futa ya pili na ya nne, toa `LISTVTOC`, uone mashimo yanavyoorodheshwa. Zoezi hilo halihitaji bando, na umeme ukikatika betri inatosha kulimaliza. Kuona z/OS halisi, fungua akaunti ya IBM Z Xplore, ni bure. Huko hutaruhusiwa kuandaa voliumu, ila kuorodhesha utaweza.

Mifumo miwili inatumia diski moja. Nani anailinda faharasa?

Kila anayebadili VTOC anashika kwanza kufuli liitwalo `SYSVTOC` pamoja na jina la voliumu. Shida inakuja pale mifumo miwili haielewani kuhusu kufuli hilo: mmoja unalituma kwa wenzake wote, mwingine unaishikilia diski yenyewe kwa njia ya zamani, au mmoja hauko kwenye kundi kabisa. Hapo wawili wanaandika leja moja kwa wakati mmoja. Faharasa kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kwanza, na ni bahati ukiiona mapema, kwa sababu kinachofuata ni dataseti mbili kugawiwa traki zilezile.

Diski kubwa mno zinafanyaje, maana namba ya silinda ilikuwa ya biti 16?

Biti 16 zilikomesha voliumu kwenye silinda 65,520. Mwaka 2008, z/OS 1.10 ilileta voliumu zinazovuka hapo. Namba ya traki ndani ya silinda ilikuwa nayo imepewa biti 16, na silinda ina traki 15 tu, biti nne zinatosha. Zile 12 zilizokaa bure zikaongezwa kwenye silinda, zikawa 28. Leo voliumu inaweza kufika silinda 1,182,006.

Juu ya mpaka nafasi inagawiwa kwa mafungu ya silinda 21, na dataseti inayoruhusiwa kukaa huko inaandikwa kwa kadi ya aina ya 8 badala ya 1, ikisindikizwa na ya 9. Ukitoa biti moja kwa kila traki ya voliumu yote, ramani ingevimba. Kwa mafungu inabaki ndogo.

Nimenakili voliumu nzima na kuipa jina jipya. Faharasa bado ina jina la zamani. Nibadili?

Kwa faharasa, jina la sehemu ya tatu halina sheria, kwa hiyo itafanya kazi ikiwa na jina la zamani. Inachanganya macho tu. Ya kushughulikia ni VVDS, ambayo jina lake lazima liwe `SYS1.VVDS.V` likifuatiwa na jina la voliumu iliyomo. Hiyo isipolingana, dataseti za VSAM kwenye nakala hiyo hazifunguki, hata faharasa ikiwa nzima.